Mama anakuja kutoka Tanga na Kiswahili chake tu: Uganda atazungukaje?

Mjukuu wa Pangani

Wakuu, salaam. Naishi Ntinda, Kampala, mwaka wa sita sasa. Mwezi ujao mama yangu anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 67, mzaliwa wa Tanga, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Anapitia Mwanza kwa dada yake, halafu Bukoba, aingilie Mutukula. Kazi hainiruhusu kumfuata mpakani, nitampokea Kampala. Baadaye tutakwenda naye Jinja akaone chanzo cha Nile, na wiki ya mwisho anataka Arua, ambako binti wa mdogo wake ameolewa. Arua nako atakwenda bila mimi.

Nisaidieni mambo ya njiani. Na kuna jambo moja linaniumiza kichwa. Miaka yote hii hapa Kampala nasalimia kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiingereza. Mtu namwona kabisa amenielewa, hajasita hata kidogo, lakini jibu linakuja kwa Kiingereza. Mimi naweza kuendelea naye. Mama je? Na kwa nini iwe hivi, nchi ambayo imekaa katikati ya Kenya, Tanzania na Kongo?

Lori la Mutukula

Karibu sana bi mkubwa. Mimi navuka Mutukula kila wiki na mzigo. Mpakani usiwe na hofu hata kidogo, pale Kiswahili ndicho kinachofanya kazi, kuanzia maofisa mpaka akina mama wa chai. Anayeingia Uganda haanzi kugonga muhuri upande wa Tanzania. Anavuka moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda, humo humo dirisha moja linamtoa na jingine linamwingiza. Asiachane na abiria wenzake, na mkoba asimwachie mtu "amshikie".

La kumkazania ni chanjo ya homa ya manjano. Achanje sasa hivi, asingoje wiki ya safari, kwa sababu cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Akishapata ni ya maisha. Kitambulisho cha taifa peke yake asikitegemee. Kuvuka kwa kitambulisho kulianza mwaka 2014 kwa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Sisi Watanzania tunatembea na pasipoti au hati ya dharura.

Fedha abadilishe ya nauli na chakula tu. Shilingi ni jina moja lakini thamani ni mbili, na mtu aliyechoka kwa safari huchanganya. Kabla ya kuondoka dirishani azihesabu mwenyewe, noti kwa noti.

Kikuubo Jumla

Mjukuu, mimi nauza jumla Kikuubo miaka 11. Hapa dukani wateja wangu nusu ni watu wa Kongo, Sudan Kusini na Rwanda, na wote tunaelewana kwa Kiswahili. Kwa hiyo usiseme Kampala hawakijui. Wewe unajibiwa Kiingereza kwa sababu wanaona umevaa kiofisi, wanakupa heshima yako. Mama akija na kanga zake akasema "mwanangu, naomba unielekeze", nakuhakikishia atajibiwa Kiswahili. Cha kuvunjika, lakini Kiswahili.

Mwalimu wa Mchana

Naomba nitofautiane na mwenye duka. Heshima ni sehemu ndogo. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Wakiso, na ninachokiona darasani kila siku ni aibu. Mtoto anakijua, anaogopa kukosea. Amesikia tangu mdogo kwamba Mkenya atamcheka na Mtanzania atamsahihisha. Anakimbilia Kiingereza kwa sababu huko hakuna wa kumcheka, wote tumekijifunza shuleni.

Pia tusisahau kwamba ni lugha rasmi tangu 2022.

MwanaBombo

Mwalimu, hapo pa 2022 nakurekebisha kidogo. Kiswahili kiliingizwa kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, kwa masharti kwamba Bunge litapanga kitumike wapi. Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Na kabla ya yote hayo, Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973.

Sisi Wanubi wa Bombo tumezaliwa nacho pamoja na Kinubi. Mama akifika Bombo ni kama yuko Ngamiani kwao Tanga. Kutoka Kampala ni mwendo wa saa moja hivi kama foleni ya Kawempe haikukushika. Mlete, tutampikia.

Mjukuu wa Pangani

Asanteni mno. MwanaBombo, nimeshamwambia, ameanza kuuliza kama mnakula samaki wa nazi.

Hoja ya Mwalimu imenigusa. Nimekumbuka siku niliyomsahihisha jirani yangu aliposema "mtu yangu". Tangu siku hiyo tunaongea Kiingereza. Sikuwa na nia mbaya.

Nakato wa Kyotera

Kaka, soma hili taratibu. Baba yangu alikuwa na duka dogo karibu na Katwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajeshi walikuwa wanaingia mtaani, wanawakusanya wanaume na kuwapakia kwenye malori. Amri yenyewe ilikuwa "panda gari", na watu mpaka leo misako ile wanaiita hivyo hivyo, panda gari. Baba alipandishwa, akarudi siku ya tatu bila viatu. Kuanzia hapo, Kiswahili kikisikika redioni nyumbani alikuwa anainuka na kuizima. Hakutupiga marufuku, hakusema neno. Alikuwa anazima tu.

Kwa hiyo Mganda wa umri wa mama yako akikaa kimya anaposalimiwa kwa Kiswahili, mama asidhani amedharauliwa. Aanze na Luganda kidogo. Asubuhi ni "Wasuze otya nno", mchana "Osiibye otya nno", na jibu ni "Bulungi". Mwanamume ni "ssebo", mwanamke ni "nnyabo". Halafu aseme "Simanyi Luganda, njogera Luswayiri". Hapo mtu anaona kwamba huyu ni mgeni aliyekuja kwa wema, hajatumwa na mtu mwenye bunduki. Wengi watamjibu kwa Kiswahili wenyewe.

Na jambo la pili. Huku kwetu Kyotera na Masaka wasichana na watoto watampigia magoti wakimsalimia. Asishtuke wala asiwavute wainuke. Awaitikie tu wakiwa pale pale chini, watainuka wenyewe.

Mwalimu wa Mchana

Nakato, pole sana kwa yaliyompata mzee. Niongeze tu kwamba mvutano huu ni wa zamani kuliko majeshi hayo. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipotaka Kiswahili kiwe lugha ya wote, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipinga waziwazi. Wamisionari nao walikuwa wameshaweka nguvu zao kwenye Luganda, Biblia nzima ilikuwa tayari kwa Luganda mwaka 1896, na baadhi yao Kiswahili walikiona ni mlango wa Uislamu. Buganda ilikuwa na lugha yenye vitabu, shule na mahakama. Haikuona sababu ya kuazima nyingine.

MwanaBombo

Na bado waliazima! Luganda wanasema emmeeza, ekitabo, essaawa, eddirisa, sabbuuni, ssukaali, edduuka. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, kabla ya padri yeyote. Wanaosema Kiswahili kililetwa na Amin waangalie dirisha la nyumba zao wanaliitaje.

Kikuubo Jumla

Wazee wa historia, tuwape nafasi na wasafiri. Bi mkubwa afundishwe HESABU kabla ya yote. Mwaka jana dada mmoja kutoka Tabora alipanda taksi hapa Paaka Enkadde, stendi ya zamani. Kumbuka taksi huku ndiyo daladala, ile nyeupe yenye mistari ya buluu, abiria 14. Ukitaka gari la peke yako unaulizia speshoo. Kondakta akamwambia "lukumi". Dada akasikia kumi, akatoa noti ya elfu kumi. Kondakta aliigeuza mkononi, akamtazama usoni, akamrudishia elfu tisa moja moja huku akihesabu kwa sauti. Lukumi ni ELFU MOJA. Elfu kumi ni "mutwalo". "Bitaano" ni mia tano, si tano. Mia ni "kikumi".

Si makondakta wote watakaorudisha. Ahesabu.

Nakato wa Kyotera

Umesema kweli. Na maneno mengine yanayofanana: "jangu" ni njoo, si mtu anayedai kitu chake. "Kati" ni sasa hivi. "Kale" ni sawa, basi. Akitaka kushuka aseme "mu maaso awo", yaani hapo mbele. Akiwa kwenye boda na dereva anakimbia, "mpola, ssebo" na amguse begani.

Lakini kwa umri wake boda mjini sipendekezi, hasa akikaa upande na baibui. Pindo linaingia kwenye mnyororo. Nimeshuhudia kwa shangazi yangu pale Wandegeya, tulikata nguo kwa wembe.

Mgeni Njiani

Natoka Mombasa, nafanya kazi Mbale. Nina onyo kuhusu SAA. Luganda inahesabu saa kama sisi, ssaawa bbiri ni saa mbili asubuhi, hapo hamna shida. Shida ni mtu anayefikiri kwa Kiingereza halafu anakutafsiria. Nilikata tiketi kwenye ofisi moja ya mabasi, kijana akaniambia kwa Kiswahili kizuri kabisa, "basi linaondoka saa nane". Nikaenda zangu kuswali adhuhuri na kula. Nikafika saa saba na nusu na begi langu. Basi lilikuwa limeondoka saa mbili asubuhi. Alisoma "8:00" akanipa nane. Nauli ilipotea na harusi ya kaka yangu niliikuta imefika kwenye sahani za mwisho.

Tangu hapo nauliza, "asubuhi au mchana? jua limetoka au halijatoka?" Na naomba waniandikie.

Lori la Mutukula

Pole mkuu, hilo limewakuta wengi. Na chakula pia. Mama akiambiwa "kuna posho" asifikiri analipwa siku ya semina. Posho huku ni ugali. "Chakula" kwa Mganda ni matoke kwanza, mengine yanafuata. Matoke na mchuzi wa karanga atafurahi. Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, inashikwa mkononi, moto hadi vidole vinahama. Njiani Lukaya ale ndizi za kuchoma, wanaziita gonja. Nyama ya vijiti aulize kwanza imechinjwa na nani, maana nguruwe huku inachomwa jirani na mbuzi.

Bwera Mpakani

Wakuu mmezunguka Buganda tu. Mimi niko Kasese, upande wa Mpondwe. Huku Kiswahili hakina mjadala, ni cha Kongo, tunasema "niko naenda" na maisha yanaendelea. Ukichora ramani utaona Kiswahili cha Uganda kiko PEMBEZONI: Busia na Malaba, Mutukula, Kasese, Arua na Koboko, hata Moroto kwa wafanyabiashara na askari. Katikati ndiko kunakopooza. Kwa hiyo sababu mimi naiona ni jiografia tu. Mtu wa mpakani anahitaji lugha ya jirani yake. Mtu wa Kampala dunia nzima inamfuata aliko, ajifunze ya nini?

MwanaBombo

Bwera, Bombo si mpakani. Ni kilomita 30 na kitu kutoka Kampala. Na Jinja?

Bwera Mpakani

Bombo ni kambi ya jeshi tangu enzi ya mkoloni, na ninyi Wanubi babu zenu walikuja na Lugard, yule ofisa wa Kiingereza, mwaka 1891 kama askari. Jinja ni viwanda. Bwawa la umeme la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, wafanyakazi walikuja kutoka kila upande, mpaka Kenya, wakaishi mtaa wa Walukuba pamoja. Nimekubali basi: mipaka, kambi na viwanda.

Nakato wa Kyotera

Na Kyotera yetu iko karibu na mpaka, lakini kijijini kwetu bibi zangu hawakisemi. Ramani hiyo ina matundu.

Mgeni Njiani

Tukiwa Jinja: mwambie mama mapema kwamba hataona maporomoko pale kwenye chanzo. Yale ya Ripon, ambako Mwingereza Speke alifika mwaka 1862, yalimezwa na maji ya bwawa hilo la 1954. Ataona ziwa linaanza kusukuma, maji yanachemka kidogo juu, basi. Mama mkwe wangu alikasirika, alidhani tumempeleka pasipo. Mpandishe mashua asubuhi, ndege ni wengi. Bwawani na kwenye daraja jipya la 2018 simu ibaki mkobani, askari hawataki picha. Na asichezee maji ya ufukweni, Ziwa Victoria lina kichocho.

Zubeda wa Arua

Nimechelewa kuuona uzi. Mwenye uzi, mama yako akivuka daraja la Pakwach amefika nyumbani. Arua sokoni Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mkongo wanakutana kwenye Kiswahili, hakuna atakayemjibu Kiingereza.

Kazi iko njiani, ni zaidi ya kilomita 450. Mabasi mengi huondoka Kampala usiku, watu wanapenda kwa sababu wanafika alfajiri. Mama asipande la usiku. Apande la asubuhi, akae dirishani. Karuma atawaona nyani barabarani, asifungue kioo wala asiwatupie kitu, wanaingia mpaka ndani kuchukua mkate. Baada ya hapo akibahatika ataona tembo kabla ya Pakwach, maana barabara inapita ubavuni mwa mbuga ya Murchison. Nguo yake isiwe ya buluu iliyokolea wala nyeusi kama atapitia mbugani, mbung'o wanaifuata rangi hiyo. Baibui jeusi alifunike na kanga nyepesi.

Sehemu ngumu kilugha ni Luweero mpaka Karuma. Mwandikie kwenye karatasi jina lake, namba yako, namba ya binamu yako na neno "Arua" kwa herufi kubwa, aibandike ndani ya pasipoti. Simu huisha chaji.

Na hilo la wanajeshi ambalo dada Nakato amelisema, huku kwetu liko kinyume. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 watu wa huku West Nile, alikotoka Amin, walikimbilia Kongo na Sudan. Mimi nilizaliwa huko ukimbizini, na Kiswahili ndicho kilichotulisha. Mama yangu aliomba unga kwa Kiswahili. Siwezi kukisikia kwa masikio ya baba yake Nakato, na yeye hawezi kukisikia kwa ya kwangu.

Nakato wa Kyotera

Nimekusoma dada Zubeda. Nimekusoma mara mbili.

Kikuubo Jumla

Mimi bado nasema ni nguo za ofisi. Mjukuu, jaribu wiki moja ukiwa umevaa kanzu, uje utuambie.

Mjukuu wa Pangani

Nitajaribu Ijumaa, Kikuubo. Nimeyachapa haya yote na kumtumia mama kwa mjukuu wake wa Tanga, amemsomea. Chanjo ameshapata. Amesema "bitaano" imemshinda ila "mpola, ssebo" ameshika.

Mjukuu wa Pangani

Wakuu, wiki tano baadaye narudi kwenye uzi. Mama yuko njiani SASA HIVI. Amevuka Mutukula saa mbili asubuhi bila tatizo, Lori, na ulivyoeleza madirisha ndivyo yalivyokuwa.

Saa nne imepigwa simu kutoka kwenye namba nisiyoijua. Nilitetemeka. Kumbe ni mama mmoja waliyekaa kiti kimoja, alipanda Kyotera. Simu ya bi mkubwa ilikuwa imeisha chaji, akachukua ile karatasi ya Zubeda kwenye pasipoti akanipigia. Ananiambia kwa Kiswahili kilichonyooka: "Usiwe na wasiwasi, mama yako amelala, tumekula gonja." Nikamuuliza amejifunza wapi Kiswahili. Akasema mwaka 1979 vijana wa Tanzania walipiga kambi karibu na kwao, yeye alikuwa na miaka tisa, alikuwa anawauzia ndizi mbivu. Mmoja alimfundisha kuhesabu mpaka mia kwa maganda ya risasi.

Nakato wa Kyotera

Kaka, muulize ni kijiji gani!

Mjukuu wa Pangani

Mtandao umekatika kabla sijauliza. Wameshapita Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta. Naondoka kwenda kituo cha mabasi, nitamuuliza mwenyewe akishuka.